Sauti ya Gari Zima: Kutoka Redio ya Valvu hadi Bluetooth katika Matatu za Nyeri

Katika matatu inayotoka mjini Nyeri, nchini Kenya, kwenda Wamagana, makao ya utawala ya kaunti ndogo ya Tetu, abiria wote husikiliza kitu kimoja. Huenda ni habari za Kikuyu, huenda ni muziki wa mugithi, huenda ni mahubiri; aliyekaa kiti cha mbele na aliyebanwa nyuma kabisa wanapata sauti ileile kwa wakati uleule, na aliyeichagua ni mmoja tu. Sauti hiyo hufunga safari mbili. Ya kwanza ni ya mawimbi ya redio, kutoka mnarani, au siku hizi kutoka kwenye simu, mpaka kwenye chombo kilichofungwa katika dashibodi. Ya pili ni ya hewani, kutoka spikani mpaka masikioni. Historia ya kusikiliza pamoja garini ni historia ya ile safari ya kwanza kubadilika tena na tena huku ya pili ikikaa vilevile. Na kila ilipobadilika, mkono ulioshika kitufe cha redio nao ulibadilika.

Redio ya gari ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1930, pale Paul Galvin na ndugu yake Joseph walipoleta sokoni ile waliyoiita Motorola. Ilikuwa mzigo hasa. Valvu zake za kioo zilitaka umeme wa volti nyingi kuliko betri ya gari ingeweza kutoa, kwa hiyo gari lilibebeshwa betri za ziada, na mitikisiko ya barabara haikuzihurumia. Nchini Kenya utangazaji ulikuwa umeanza mwaka 1928 mjini Nairobi, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Abiria wa kawaida wa Nyeri hakuhusika. Basi alilopanda halikuwa na redio, na hata lingekuwa nayo, hapakuwa na kipindi kwa lugha aliyoielewa.

Vipindi vya Kiswahili na lugha nyingine za Waafrika vilianza kupata nafasi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, familia za askari zilipohitaji habari za vitani. Mwaka 1953 iliundwa idhaa maalumu ya Waafrika iliyotangaza kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na lugha nyingine, na mwaka uliofuata likaja shirika la Kenya Broadcasting Services lililoanzisha vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita mjini Mombasa, kituo cha Ziwa mjini Kisumu, na kituo cha Mlima Kenya mjini Nyeri kwenyewe. Tarehe hizo hazikuja kwa bahati. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, watu wa Tetu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, na serikali ya kikoloni ilitaka neno lake liwafikie kwa lugha yao. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapigania uhuru, alikamatwa Oktoba 1956 katika eneo hilohilo la Tetu, ukingoni mwa msitu wa Nyandarua. Redio ya kwanza kuzungumza Kikuyu kutoka Nyeri ilikuwa, kwa hiyo, redio ya aliyeshika bunduki. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba redio ya mlimani, yaani ya eneo la Mlima Kenya, ilianza kama burudani.

Baada ya uhuru, shirika la utangazaji lilitaifishwa mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya. Wakati huohuo transista ilikuwa ikichukua nafasi ya valvu. Transista haihitaji kupashwa moto, haivunjiki kwa mashimo ya barabarani, na inaridhika na volti 12 za gari. Ndiyo iliyoiwezesha redio kukaa katika gari la biashara linaloamka alfajiri na kulala usiku, wala si katika gari la bwana mkubwa peke yake.

Gari lenyewe la biashara lilikuwa matatu. Matatu zilikuwapo tangu kabla ya uhuru, zikifanya kazi kwa kujificha, hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu zibebe abiria bila leseni maalumu zilizodaiwa mabasi. Barabara ya Nyeri hadi Nairobi, karibu kilomita 150, ikawa ya Peugeot 404 na baadaye 504, gari la familia lililoongezwa kiti cha nyuma. Barabara za vijijini zikawa za pikapu. Tofauti ya magari hayo mawili ilikuwa kubwa kwa sikio. Katika Peugeot, dereva na abiria walikaa chumba kimoja, na redio iliyofungwa mbele iliwafikia wote. Katika pikapu, dereva na mtu mmoja au wawili walikaa mbele kwenye redio, na wengine wote walikaa nyuma chini ya turubai, juu ya mabenchi mawili yaliyotazamana, wakisikia injini, upepo na wao kwa wao. Kwa hiyo nauli ya kiti cha mbele ilinunua pia habari za saa saba. Vijijini, kusikiliza pamoja kama kunavyojulikana leo kulingoja gari la bodi moja, nalo ndilo lile la Kijapani ambalo Wakenya wameendelea kuliita nisani hata linapokuwa Toyota Hiace.

Kilichosikika katika miaka hiyo kilichaguliwa Nairobi. Sauti ya Kenya ilikuwa na idhaa ya taifa ya Kiswahili, idhaa ya Kiingereza, na saa chache za lugha za asili. Dereva alikuwa na uwezo wa kuwasha, kuzima na kupandisha sauti, basi. Hata hivyo gari zima lilisikiliza kwa makini, kwa sababu redio ilileta vitu visivyopatikana kwingine: taarifa ya habari, salamu zilizotumwa kwa kadi, kipindi cha Leonard Mambo Mbotela cha Je, Huu ni Ungwana kilichoanza mwaka 1966, na zaidi ya yote matangazo ya vifo. Abiria wa Karatina au Othaya aliweza kujua akiwa njiani kwamba kuna msiba wa jamaa, pamoja na siku na mahali pa maziko. Katika dakika hizo hata mabishano ya chenji yalinyamaza.

Jiografia nayo ilikuwa na neno lake. Nchi ya Nyeri imekatwa na mito inayoshuka kutoka Nyandarua, kama Chania na Gura, na kati ya mto na mto pana mgongo wa ardhi. Barabara hupanda mgongo, hushuka bondeni, hupanda tena. Mawimbi ya kati yaliyotumiwa na Sauti ya Kenya yana urefu wa mamia ya mita, kwa hiyo huizunguka milima na kuingia mabondeni bila shida kubwa, ingawa huja na mikwaruzo. Mawimbi ya FM, yaliyokuja kutawala baadaye, yana urefu wa mita 3 hivi na hupenda njia iliyonyooka kutoka mnarani. Ndiyo maana kituo kinachosikika safi mgongoni hugugumia gari likifika darajani, kisha hurudi upande wa pili, na abiria wamekwisha kupitwa na nusu ya sentensi. Sauti iliboreka, lakini bondeni ilipotea, na watu wa mabondeni ndio walioilipia safari hiyo ya maendeleo.

Mkono wa kwanza kunyakua uchaguzi kutoka Nairobi ulikuwa wa dereva, na chombo chake kilikuwa kanda. Kampuni ya Philips ilitoa kanda ndogo ya kaseti mwaka 1963, na kufikia mwisho wa muongo ule mashine zake zilikuwa zikifungwa garini. Katika Kenya kanda zilizagaa miaka ya 1970 na 1980. Maduka ya River Road, Nairobi, yalirekodi na kuuza muziki wa Kikuyu: Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema mwaka 1939, Daniel Kamau, na baadaye Queen Jane na John De'Mathew. Pamoja nao zilipakiwa kanda za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, kwa maana watu wa mlimani wameupenda muziki wa kantri wa Marekani kana kwamba wao wenyewe ndio walioutunga.

Kanda katika matatu ilikuwa kitu cha kutunzwa. Vumbi la barabara ya murram liliingia hadi kwenye kichwa cha mashine, sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na dawa ilikuwa pamba iliyochovywa spiriti. Kanda iliyoachwa juu ya dashibodi ikachomwa na jua ilipinda. Mashine ikichoka iliimeza kanda, na utepe wa kahawia ukatoka kama utumbo. Makanga aliuvuta taratibu, akaingiza kalamu ya Bic katika tundu lenye meno na kuuzungusha mpaka ukakaa. Upande ulipokwisha kanda ilitolewa na kugeuzwa, na muda huo mfupi wa ukimya ndio uliowapa abiria nafasi ya kuomba wimbo fulani. Uamuzi ulibaki kwa dereva, ila ombi lilisikika.

Serikali ilitambua upesi kwamba gari lenye kanda ni mkutano usio na kibali. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwimbia maombolezo, na wimbo huo ukapigwa marufuku. Marufuku ya redioni haikuweza kuifikia kanda iliyokuwa tayari mfukoni mwa mtu. Miaka 15 baadaye jambo hilo lilijitokeza wazi zaidi. Mei 1990 mabanda ya Muoroto, Nairobi, yalibomolewa kwa nguvu. Kabla yake, Februari, waziri Robert Ouko alikuwa ameuawa. Na madai ya vyama vingi yalikuwa yamepamba moto. Nyimbo za Kikuyu zilizosimulia mambo hayo zilitungwa, zikanakiliwa kanda kwa kanda na kupigwa matatuni. Katikati ya mwaka huo polisi waliwakamata wauzaji na wapigaji wa kanda zilizoitwa za uchochezi. Redio ya taifa haikutamka lolote kati ya hayo. Abiria walioketi kimya wakitazama mbele, wote wakisikia maneno yaleyale yasiyoruhusiwa, walijua kwamba jirani naye amesikia. Hakuna kifaa chochote kilichofuata, chenye waya au kisicho na waya, kilichoipa sauti ya garini uzito kama huo.

Wakati kanda ikiwakusanya watu, chombo kingine kilikuwa kimeanza kuwatenganisha. Sony ilitoa Walkman ya kwanza, mashine ya kaseti ya kubeba, mwaka 1979. Jambo linalosahaulika ni kwamba mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili waweze kusemezana. Watengenezaji waliona ni ukosefu wa adabu mtu kujifungia peke yake. Watumiaji hawakuona hivyo, na tundu la pili likaondolewa katika matoleo yaliyofuata. Vijana wa Nyeri waliokuja kugawana hedifoni moja, kila mtu sikio lake, walikuwa wakirudisha kwa mikono yao kile kiwanda kilichokiondoa.

Redio nayo ilirudi kwa kishindo. Serikali ilipolegeza hodhi ya hewa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, vituo vya kwanza vya binafsi vilikuwa vya Kiingereza na vya Nairobi. Mwaka 2000 Kameme FM, iliyoanzishwa na Rose Kimotho, ikawa kituo cha kwanza cha binafsi cha Kikuyu. Inooro FM ya Royal Media Services na Coro FM ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, ni miongoni mwa vilivyoshindana nacho. Rais Moi alitaka sheria ya kuzuia utangazaji wa lugha za asili, akisema unaligawa taifa, lakini sheria hiyo haikupatikana. Ndani ya muda mfupi matatu za Nyeri, Karatina, Othaya na Mukurweini zikawa na kitu kipya kabisa: redio inayozungumza kutwa nzima lugha ya abiria, inayopokea simu zao, na inayobishana nao. Ombi halikupelekwa tena kwa dereva. Lilipelekwa kituoni, na jibu likasikika garini.

Hapo palitokea kikwazo ambacho kila aliyenunua gari la mtumba amekutana nacho. Japani ilitenga kwa ajili ya FM mawimbi ya megahezi 76 hadi 90, ilhali Kenya, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia 87.5 hadi 108. Redio iliyokuja na Hiace au gari dogo la Probox kutoka Japani hupata kipande kidogo tu cha vituo vya Kenya, vile vya mwanzo kabisa wa bendi. Kameme, yenye 101.1 Nairobi, iko nje kabisa ya uwezo wake. Mafundi wakapata dawa: kijisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa eriali na redio, kinachopokea masafa ya juu na kuyashusha mpaka redio iyatambue. Kasoro yake ni kwamba namba inayoonekana kwenye kioo si namba ya kituo, na dereva mgeni katika gari hutafuta mpaka achoke. Wengine waliona heri kung'oa redio ya Kijapani na kufunga nyingine kutoka Dubai au China, na uamuzi huo ndio uliokuja kuifungulia Bluetooth mlango, maana redio ya kubadilisha ndiyo iliyokuja na teknolojia mpya, si gari.

Sheria haikukaa mbali. Kanuni zilizofahamika kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa Februari 1, 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, mstari wa manjano, na abiria 14 katika nisani. Zilinuia usalama, lakini zilibadilisha usikilizaji pia. Gari lililokuwa likibeba watu waliosimama wamejikunja sasa lilikuwa na kila mtu kitini pake, karibu na spika yake, kwa mwendo wa pole. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira, na abiria anayechoshwa na muziki wa juu akapata mahali pa kisheria pa kusimama, ingawa kwa kawaida hutosheka kusema, "Dere, punguza kidogo." Upande mwingine, Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya, MCSK, kilidai ada kwa kila matatu inayopiga muziki, kwa hoja kwamba kuwapigia abiria wanaolipa nauli ni kupiga hadharani. Hoja hiyo ina msingi katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na ni ya haki: mwanamuziki wa Murang'a anayesikika kutwa nzima katika barabara ya Nyeri anastahili kupata chake. Wenye matatu wamebishana nayo miaka mingi, hasa juu ya kiasi cha ada na juu ya iwapo fedha humfikia mtunzi.

Baada ya kanda ilipita sidii, ambayo haikupenda mashimo ya barabara, kisha ikaja flashi. Flashi moja ilibeba nyimbo za mwezi mzima, na maduka ya mjini yalijaza nyimbo na miksi za madijei kwa malipo madogo. Redio nyingi za magari ya zamani, hata hivyo, hazikuwa na tundu la flashi. Ndipo kikaja kidude cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Ni kituo kidogo cha redio: husoma flashi na kuirusha sauti kwa masafa yasiyotumika, kwa nguvu ndogo mno, na redio ya gari huinasa kama inavyonasa kituo kingine chochote. Dereva akawa mtangazaji kwa umbali wa mita chache.

Udhaifu wake ulijulikana na kila aliyekitumia. FM ina tabia ya kumtii mwenye nguvu: mawimbi mawili yakigongana katika namba moja, lililo na nguvu zaidi hulifuta kabisa jingine. Gari likipanda mgongo ambako mnara unaonekana, kituo halisi kinachotumia namba ile kiliingia katikati ya wimbo. Stejini, magari yakiwa yamebanana, matatu moja iliweza kupiga muziki wa jirani yake. Dereva alitafuta namba nyingine, akaiweka katika kidude na katika redio, na bonde lililofuata likaleta shida yake.

Bluetooth iliondoa adha hiyo. Mradi wake ulianza katika kampuni ya Ericsson, Sweden, mwaka 1994, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alikuwa miongoni mwa waasisi; Mei 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba zikaunda kundi la kuisimamia. Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa katika njia 79, na hurukaruka kati ya njia hizo mara 1,600 kwa sekunde. Kuruka huko ndiko kunakofanya magari ishirini yaweze kukaa stejini, kila moja na simu yake, bila kuingiliana kwa kiwango cha kusikika. Simu na redio huoanishwa kwanza, kwa namba ambayo katika redio za bei nafuu huwa 0000 au 1234, kisha hukumbukana. Muziki wa stirio kwa njia hiyo uliwekewa utaratibu mwaka 2003, lakini matatu na Probox za Tetu ziliuona wakati simu za bei nafuu zenye nafasi ya kutosha na redio za kubadilisha zilipokutana, katika muongo wa 2010.

Wimbi la Bluetooth lina urefu wa sentimita 12 hivi, na maji hulinyonya. Mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa. Simu iliyo mfukoni mwa abiria wa kiti cha mwisho, nyuma ya watu kumi, hukatakata hata kama umbali haufiki mita tano, wakati iliyo juu ya dashibodi haina tatizo. Kwa hiyo ingawa kinadharia mtu yeyote garini angeweza kucheza muziki wake, kwa vitendo kiti cha mbele kimerudi kuwa na haki ya kwanza, kama enzi za pikapu.

Pia redio hupokea muziki wa simu moja kwa wakati mmoja. Katika gari dogo la watu watano, kama Probox, jambo hili limezaa mazungumzo mapya: abiria aliyeketi karibu na dereva huombwa simu yake, naye huiunganisha, na kwa safari hiyo yeye ndiye mwenye kituo. Huduma za muziki wa mtandaoni, yaani Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013, pamoja na Boomplay na, tangu Februari 2021, Spotify, zimempa shehena ya nyimbo ambayo duka la River Road halikuwahi kuwa nayo. Bando likiisha, muziki huisha.

Pamoja na muziki huja kisichoitwa. Simu iliyounganishwa haipeleki nyimbo tu spikani. Hupeleka pia mlio wa ujumbe na, zaidi ya hayo, simu inayopigwa. Wimbo hukatika, mlio unalia gari zima, na dereva akipokea kwa kitufe cha redio, sauti ya mke wake au ya mtu anayemdai huwafikia abiria wote kabla hajawahi kusema yuko kazini. Sababu ni kwamba redio imejitambulisha kwa simu kwa kazi mbili, ya muziki na ya mazungumzo, na ile ya mazungumzo hupewa kipaumbele. Simu nyingi huruhusu kuizima kazi ya pili na kuiacha ya kwanza, katika mipangilio ya kifaa kilichooanishwa. Ni hatua ndogo ambayo ingewaepushia aibu watu wengi, na mafundi wanaofunga redio mjini wangefanya vyema kuionyesha kwa kila mteja.

Wakati huohuo masikio yamezibwa. Abiria wa basi dogo la Nairobi leo wengi wao wana vipokeasauti vyao, vingi visivyo na waya, na spika za gari huimba juu ya vichwa vya watu wasiosikiliza. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalikubaliana mwaka 2019 juu ya kiwango cha usalama kwa vifaa hivyo: sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma. Anayepandisha sauti yake ili aishinde ya gari huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na hapo ndipo spika ya dereva na hedifoni ya abiria zinapodhuru kwa pamoja. Kinachotakiwa garini si hedifoni nzuri zaidi. Ni spika iliyotulia.

Kugawana bila waya na bila spika kumeanza kuwezekana. Samsung iliweka katika simu ya Galaxy S8 ya mwaka 2017 uwezo wa kupeleka muziki kwa vifaa viwili vya Bluetooth kwa pamoja. Apple ilifanya hivyo mwaka 2019 kwa hedifoni zake yenyewe, na mwaka 2023 ikaongeza njia ya abiria kuingiza nyimbo katika foleni ya gari kutoka simu zao. Lakini watu wawili si gari zima. Mabadiliko makubwa yalitangazwa Januari 2020, pale kundi la Bluetooth lilipoeleza mfumo mpya wa sauti wenye matumizi madogo ya umeme, na mwaka 2022 likaipa sehemu yake ya utangazaji jina la Auracast. Hapa chombo kimoja hurusha sauti bila kuoanishwa na mtu, na vipokezi visivyo na kikomo huweza kuinasa, kwa uwazi au kwa namba ya siri. Chombo kinaweza pia kurusha zaidi ya sauti moja: habari za Kikuyu kwa anayezitaka, mahubiri kwa mwingine, na tangazo la kituo kinachofuata kwa wote.

Wanaoweza kufaidika kwanza ni wazee wenye vifaa vya kusaidia kusikia, kwa kuwa vifaa vipya vya aina hiyo vinatengenezwa kuelewa mfumo huu. Mzee wa Wamagana ambaye katika matatu husikia mngurumo tu angeweza kuletewa habari moja kwa moja sikioni, bila injini na bila upepo. Kwa sasa vifaa hivyo ni ghali, na simu za bei nafuu zinazouzwa katika miji ya mlimani kwa kawaida hazina mfumo huo.

Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari ya mtumba yasiyozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo Hiace iliyotoka kiwandani na redio yenye Auracast huenda ikafika Nyeri miaka mingi baadaye. Redio ya kubadilisha haingoji hivyo. Itafika na kontena la maduka ya vipuri, ifungwe na fundi wa mjini katika gari lililotengenezwa zamani, kama ilivyofungwa ya Bluetooth na kabla yake ya kaseti. Abiria wa Wamagana ataikuta humo asubuhi moja anapopanda kwenda mjini.